Zipu Mgongoni mwa Dubwana

Mama yangu aliuza asali Singida, na kabla ya kununua debe la mtu yeyote alichovya njiti ya kiberiti ndani yake, akaifuta kidogo, kisha akaiwasha. Ikiwaka, asali ni safi. Ikigoma, imetiwa maji, na mwenye debe aliambiwa hivyo mbele ya watu. Mimi, binti yake, nilirithi kile kiberiti. Nilipopangiwa kufundisha kusini, Ruangwa, nilifika na sanduku la bati, godoro moja, na tabia ya kumchovya njiti kila niliyekutana naye.

Sisemi hivi kujisifu. Nasema ili unijue mapema, kwa sababu habari yenyewe inahusu sinema ya kipuuzi ya dubwana la mpira, na mtu akiisoma bila kunijua anaweza kudhani ni ya kuchekesha tu. Inachekesha, ndiyo. Nilicheka sana kabla sijajua ninacheka nini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nayo ilikuwa miaka ya kushukiana. Dukani hakukuwa na sabuni, hakukuwa na sukari, na mtu akipita barabarani amependeza watu walijiuliza kapata wapi. Mjumbe wa nyumba kumi aliandika jina la kila mgeni aliyelala kwako. Watu wa huku walikuwa wazoefu kuliko sisi wa bara. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimewafundisha kumtazama mgeni viatu kwanza, uso baadaye. Mwalimu mwingine angelalamika. Mimi nilijiona nimefika nyumbani.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kimakonde, mjane mwembamba aliyenusa ugoro na kupiga chafya bila kufumba macho. Tulielewana kwa namna yetu. Mimi nilihesabu vijiti vyangu vya kuni kila asubuhi, naye alijua kwamba ninahesabu, na siku moja aliongeza vitatu ili anione nitakavyohangaika. Nilihangaika siku mbili nzima. Nilipomuuliza alisema, kwa Kiswahili chake cha Kimakonde, "Nwalimu, kuni zimezaa."

Gari la sinema lilikuja kutoka Nachingwea kila baada ya miezi miwili au mitatu, barabara ikiruhusu. Lilikuwa Land Rover ya serikali yenye spika mbili juu, na ndani yake dereva na mwendesha sinema. Huyu wa pili tulimwita Bwana Sinema. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, shati limepigwa pasi hata baada ya safari ile ya vumbi, na hilo la pasi lilitosha mimi kumshuku. Nani alimpigia? Wapi?

Jioni ile ya kwanza kitambaa cheupe kilitundikwa kwenye goli la uwanja wa shule. Tulioneshwa kwanza namna ya kuchimba choo. Halafu tukaoneshwa kilimo cha pamba, watu wa korosho na ufuta wakakitazama kwa adabu. Baada ya hapo Bwana Sinema akasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa inakuja ya kuondolea uchovu, na dubwana likatoka baharini.

Ilikuwa filamu ya nchi ya mbali, lugha yake hakuna aliyeijua, Bwana Sinema mwenyewe akiwemo. Kwa hiyo alizima sauti yake na kusema maneno yote yeye, ya dubwana, ya askari, ya mama anayekimbia na mtoto. Dubwana lilikuwa kama kenge aliyesimama kwa miguu miwili, refu kushinda majumba ya ghorofa. Lilipokanyaga mji, Bwana Sinema alilisemea kwa sauti nzito: "Nimepita duka la kwanza, hakuna sabuni. Duka la pili, hakuna sabuni. Sasa nafanyaje? Navunja!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Lilipotema moshi wa moto alisema linapuliza dawa mikorosho. Askari walipolipiga mizinga lisidhurike, alisema limechanjwa na mganga wa Mbekenyera.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mbele na watoto wa darasa langu, na nilikuwa nachovya njiti. Magoti ya dubwana yalikunjamana kama soksi iliyolegea. Majumba yalipoanguka hayakutoa tofali hata moja, yalikuwa maboksi, na ndani ya boksi moja niliona maandishi. Ndege za vita zilining'inia kwenye nyuzi. Dubwana lenyewe lilijikwaa kwenye reli, likanyoosha mkono kujishika, na namna ile ya kunyoosha mkono ilikuwa ya mtu mzima anayeogopa kuumiza kiuno. Kisha likatugeuzia mgongo, na kutoka shingoni hadi kiunoni nikaona zipu.

Nilisimama. "Ni mtu!" nikasema kwa sauti ya darasani. "Kuna mtu ndani! Tazameni zipu!"

Nilitegemea kicheko, labda hata shukrani. Uwanja ulinyamaza. Wanawake waliokuwa nyuma yangu waliinamisha vichwa kana kwamba nimejamba msibani. Mzee mmoja alisimama, akamshika mjukuu wake mkono, akaondoka. Kilichoendelea kusikika ni jenereta tu, na mimi nimesimama katikati ya ule mwanga, kivuli cha kichwa changu kimetua kwenye tumbo la dubwana.

Bwana Sinema ndiye aliyeniokoa. Dubwana liligeuka tena kutukabili, naye akasema kwa sauti yake nzito, "Mwalimu, shikamoo. Nimekusikia. Lakini huyo mtu unayemtafuta nilimla juzi Nachingwea." Watu wakalipuka kwa kicheko, pumzi zikarudi, nami nikakaa chini uso ukiniwaka.

Asubuhi bibi alikuwa anachambua mchicha na hakuniangalia. Nilimuuliza nimekosa nini, maana mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimetazama tu.

"Nwalimu," alisema, "kwenu hamna mapiko?"

Nilikuwa nimesikia habari zake. Watoto wakitoka jandoni linakuja lipiko, mchezaji aliyefunikwa mwili mzima, usoni amevaa sura ya mti, na wanawake na watoto wanalikimbia kwa mayowe kwa sababu ni kitu kilichotoka kwa wafu. Nikamjibu bibi kwamba kwetu hamna, lakini kila mtu si anajua kuwa mle ndani kuna kijana wa jirani.

"Anajua," alisema bibi. "Nwaka jana alikuwa nkwe wangu. Nilinjua kwa visigino, vimepasuka kama vya babake. Nilikimbia mpaka nikapoteza kanga."

"Sasa kama ulimjua ulikimbia nini?"

Aliacha mchicha akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi. "Kunjua ni kwangu. Kusema si kwangu. Ukisema, unanvua ntu nguo nbele ya watoto. Na ngoma imekufa. Wote tuliona zipu, nwalimu. Hata ntoto wa nwisho aliiona. Nani alikuomba utusomee?"

Nilikwenda shuleni nimekasirika. Nilijiambia hawa ni watu wa kudanganyana kwa hiari yao. Wakati huohuo, na hili sikumwambia mtu, nilikuwa nahesabu miezi mpaka gari lirudi.

Maana lile dubwana lilinikaa. Nimefikiri sana kwa nini kitu kibovu vile kilinipendeza mimi, ambaye hata picha ya kalenda niliitilia shaka, na nadhani ni hivi. Kila kitu kingine Ruangwa kilikuwa na uongo uliojificha. Mizani ya korosho ilikuwa na uongo wake chini ya sahani, barua za wilayani zilikuwa na uongo wake kati ya mistari, na mtu akikuambia "kesho" hukujua ameficha nini. Dubwana halikuficha. Uongo wake ulikuwa mgongoni, kweupe, na bado lilikuwa na bidii. Lilivunja maboksi yake kwa moyo wote. Yule mtu aliyekuwa ndani alitoka jasho kwa ajili yetu, akajikwaa, akainuka, akaendelea kuwa dubwana. Nililipenda kama unavyompenda mtoto anayeigiza simba kwenye sherehe ya shule, mkia umefungwa kwa kamba ya katani.

Bibi kwa upande wake hakulipenda kabisa, na sababu yake ilikuwa nyingine. Yeye alikuwa msichana Nachingwea wakati wazungu walipoleta mashine za kung'oa msitu ili walime karanga. "Yale ndiyo yalikuwa makubwa," alisema. "Mawili yanavuta nnyororo nmoja, miti inalala. Na mle ndani tuliona kabisa kuna ntu, na hatukucheka." Karanga zenyewe hazikuota za maana, mashine zikaozea porini, na tangu hapo bibi hakulistahi dubwana lolote lililokufa kwa mizinga.

Gari lilirudi, na lilirudi tena. Filamu ilikuwa ileile. Kwa kuwa mkanda ulikatika kila mara, Bwana Sinema aliuunga kwa gundi na mkasi, na kila akiunga kipande kilipotea. Safari ya tatu yule mama hakukimbia tena na mtoto, mtoto alikimbia peke yake. Safari ya tano dubwana lilikufa dakika chache tu baada ya kutoka baharini, kisha likafufuka na kuvunja mji, maana vipande vilikuwa vimeungwa kinyume. Bwana Sinema alisema limekwenda ahera likakuta foleni, likarudi. Watu wa Nandagala walitembea kwa miguu kuja kuona jinsi litakavyokosea safari hii. Hakuna aliyetaja zipu. Mimi pia sikuitaja, ingawa kila dubwana lilipogeuka Bwana Sinema alikohoa kidogo kwenye kipaza sauti, na watu waligeuka kunitazama, na nilijua kikohozi kile ni changu.

Mchana, kabla ya kutundika kitambaa, alikuja kukaa barazani kwa bibi akiunga mkanda juani. Alininyooshea vipande niangalie. Katika kila kapicha kadogo dubwana lilikuwa limesimama tuli, na zipu yake wazi. "Hivi ndivyo unavyoona wewe, mwalimu," aliniambia siku moja. "Kimoja kimoja. Ndiyo maana huchoki kushuku. Sinema ni mpaka uiache ipite."

Nilimjibu kwamba madereva na watu wa magari ya serikali wana mke kila wilaya, na hao nao hupita.

Alicheka mwanya ukaonekana. "Mimi nina dubwana kila wilaya. Mke bado." Halafu akasema, hanitazami, anapuliza gundi ikauke, "Nikirudi baada ya mvua nitakuja na jambo."

Jambo gani? Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilimpenda, na niseme hapa wazi kwa kuwa sikumwambia. Nilimpenda kwa hasira, kama mtu anayependa kitu huku akikitafutia kasoro ili asidanganyike. Nilijua mtu wangu mwenyewe atanijia mara moja tu, na kama si huyu nitakuwa mwalimu mzee wa Ruangwa mwenye kuni zilizohesabiwa. Nilitaka kujua kama ni safi. Hicho tu.

Na njiti yangu ilikuwa imekwishagonga kitu. Filamu ya dubwana ilikuwa na mikebe minne. Niliihesabu kila safari, na ile ya choo na ya pamba ilikaa kwenye sanduku lake la mbao. Lakini safari mbili za mwisho mikebe ya bati nyuma ya gari ilikuwa mitano. Wa tano haukufunguliwa kamwe. Dereva alipotaka kuukalia Bwana Sinema alimwambia ainuke. Niliamua kwamba humo mna vitu vya mwanamke wa Masasi. Kwa nini Masasi, sijui. Nilihitaji mji, nikauchagua huo.

Kama hilo halikutosha, bibi naye alianza mambo. Siku moja nilitoka kuoga nikakuta amemwaga unga wa muhogo mlangoni kwangu. Nilikanyaga bila kuona, miguu mitupu. Nilipogeuka nilimwona ameinama juu ya unyayo wangu na ukindu mkononi, ule wa kusukia mkeka, ameunyoosha kutoka kisiginoni hadi kidole gumba, akafunga fundo. Kisha akaupima upana, akafunga fundo la pili.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nafagia unga."

Mtu anayechukua unyayo wa mwenzake hafagii unga, hata mtoto anajua. Kuanzia siku hiyo nilivaa soksi ndani ya nyumba, joto lote lile la kusini, na jirani mmoja aliponiuliza kama naumwa nilimwambia ni baridi ya Singida haijanitoka. Nilimwandikia mama. Mama alijibu kwa mstari mmoja: hama. Sikuhama, kwa kuwa gari lilikuwa karibu kurudi.

Lilirudi mvua zilipokatika. Wakati huo msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto nchi nzima. Watu walizika sabuni shambani, wengine walitupa vitenge chooni usiku ili wasikutwe navyo. Mtu aliyekuwa na miche mitatu ya sabuni alikuwa mhujumu, na ilibidi aeleze.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa darasa la nne nafundisha hesabu za sehemu, mwalimu mkuu akaniita nje. Gari la sinema lilikuwa uwanjani, kitambaa kimekwishatundikwa golini. Mbele yake alisimama katibu wa kata na mgambo wawili. Walikuwa wanakagua magari yote, hata ya serikali, na walihitaji mtu mwenye mwandiko ulionyooka wa kuandika orodha. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walikuwa wametua ndoo wanatazama. Bibi alikuwa miongoni mwao, kopo la ugoro mkononi.

Bwana Sinema aliniona na daftari. "Mwalimu, andika vizuri," alisema. "Usije ukaniandikia jenereta nikashindwa kuendesha gari." Shati lilikuwa limepigwa pasi. Lakini uso ulikuwa wa mtu anayejikwaa kwenye reli, na nilimwona.

Niliandika. Jenereta moja. Projekta moja. Spika mbili. Sanduku la mbao la filamu za elimu. Kisha mgambo mmoja akashusha mikebe ya bati, akaipanga chini. Ilikuwa mitano.

"Na hii?" katibu aliuliza.

"Mikanda ya sinema, ndugu katibu. Ukiifungua juani inaharibika."

Ulikuwa uongo, na mimi ndiye niliyejua zaidi ya wote kwamba ni uongo, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye barazani akiiunga juani mchana kutwa. Katibu alimtazama, akatazama mikebe, akanigeukia mimi.

"Ndugu mwalimu, wewe sinema hii unaijua. Ina mikebe mingapi?"

Hapo bibi alipaza sauti kutoka kwenye wale wa ndoo. "Nwalimu! Watoto wako wanapigana darasani, nenda!" Hakukuwa na mtoto aliyepigana. Darasa lilikuwa kimya na madirisha yalikuwa wazi. Wanawake wote walikuwa wananitazama, na katibu mwenyewe, sasa ninavyokumbuka, alishusha macho akatazama viatu vyake, kama anayenipa nafasi. Alikuwa mtu wa Mbekenyera. Alikuwa ameiona sinema ile mara nyingi kama mimi. Angeweza kuhesabu mwenyewe.

"Minne," nilisema. "Huo wa tano siujui."

Sikusema kwa uzalendo. Nilisema kwa wivu. Nilitaka kuona vitu vya mwanamke wa Masasi.

Uwanja ulinyamaza, na ukimya ule nilikuwa nimekwisha kuusikia mara moja, uwanja uleule, goli lilelile. Mgambo alifungua mkebe kwa kisu. Mlikuwa na miche sita ya sabuni, doti mbili za kanga, kitenge, chupa ya mafuta ya nazi na pakiti za majani ya chai. Chini kabisa, katika gazeti, mlikuwa na viatu vya kike vyeusi. Mgambo alipovikung'uta, kutoka ndani ya kimoja ulianguka ukindu wenye mafundo mawili.

Sikuwa na haja ya kuvijaribu. Hata kutoka pale niliposimama nilijua vinanitosha.

"Vya nani hivi?" katibu aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka jibu.

"Vyangu," alisema Bwana Sinema.

"Kanga unavaa wewe?"

Kuna aliyecheka kidogo, akaacha. "Vyangu, ndugu katibu. Andikeni vyangu."

Hakunitazama. Angeweza kusema ni vya posa. Watu wote pale walijua ni vya posa, mtaa mzima ulikuwa unajua tangu kabla ya mvua, kwa sababu alikuwa amemwendea bibi kama mama yangu wa huku, bibi akamtumia kipimo cha unyayo wangu, na kwa desturi ya pale binti haambiwi mpaka vitu vifike, asije akaonekana amejiposa. Mjumbe wa nyumba kumi alijua. Jirani aliyeniuliza habari za soksi alijua. Lakini angesema ni vya mwalimu, mwalimu naye angeulizwa, na siku zile mpokeaji na mlanguzi walipanda gari moja. Alikuwa ndani ya lile vazi la dubwana, akakataa kutoka.

"Andika, mwalimu," alisema katibu.

Niliandika. Nilianza na sabuni, nikaja kwenye kanga, na mwisho nikaandika kwa mkono wangu: viatu vya kike, vyeusi, jozi moja, namba tano. Mwandiko uliopinda ulikuwa huo mmoja katika daftari zima.

Walimpeleka Nachingwea kwa gari lake mwenyewe. Kitambaa kilibaki golini kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukishusha, na jioni watu wa Nandagala walifika kwa miguu, wakakaa mbele yake, wakaelezwa, wakaondoka. Baadaye nilisikia aliachiwa baada ya miezi, kazi ikawa imekwenda, akawa anatengeneza redio Masasi. Ndiyo, Masasi. Nilimwandikia barua mbili. Kwa muda nilishuku posta, kisha nikaacha kuishuku.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikijua bibi atanirarua, na nilitaka anirarue. Alikuwa ameinjika uji. Alinipa kikombe, akanusa ugoro wake, akaniuliza kama darasa la nne wamemaliza sehemu. Nilivua soksi nikaziweka mezani mbele yake. Aliziangalia, akasema kesho jua likiwa kali zitakauka vizuri akizifua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo katika nyumba ileile na mimi, na hakusema neno moja juu ya siku ile. Siku ya kufa kwake niliinama karibu, nikisubiri. Aliniambia nisisahau kumpa jirani ungo wake.

Sikuondoka Ruangwa. Mapiko yanapotoka nakimbia na wanawake wenzangu, napiga mayowe, na ninamjua kila kijana kwa visigino vyake, wengi nimewafundisha kusoma. Nikipita sokoni wananiamkia vizuri, wananichagulia nyanya nzuri, wananiuliza hali ya Singida. Nami kwa jinsi nilivyo nawatazama usoni, kila mmoja, nikitafuta. Wanaiona zipu yangu kutoka shingoni hadi kiunoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema.